Muulize Mwalimu: Ukifika chuoni kaangalie sinki kwanza

Haya jamani, mwezi huu barua zote ni vyuo, vyuo, vyuo. Sishangai, matokeo yametoka, udahili umefunguliwa, na hapa Tanga ukishuka tu stendi ya Kange hujapata hata pa kuweka begi ushapewa vipeperushi vinne, kila kimoja kina binti kavaa joho anacheka. Kwa wageni wa safu hii, mimi ni mwalimu mstaafu, nimekaa kwenye maabara za vyuo miaka mingi kuliko nilivyokaa sebuleni kwangu, naishi Chumbageni na majibu yangu ni marefu, mtanivumilia. Barua nimezifupisha ila maneno ni ya wenyewe.

*

Asalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni mama wa Makorora, nauza chai na maandazi, baba watoto ni dereva. Binti yetu kamaliza fomu foo ana C ya baiolojia, kemia na fizikia D, kachaguliwa chuo kimoja cha binafsi hapa hapa mkoani kusoma maabara. Ada 1,600,000 kwa mwaka bado hosteli, bima na sare. Nilienda kuona, nikatembezwa, maabara yao inang'aa kweli, mashine mpya kabisa, nikafurahi. Kaka yangu ananiambia dada usidanganywe na kung'aa. Sasa mie nna darasa la saba tu, ntajuaje kama humo wanafundisha kweli?
Mama wa Makorora

Waaleikum salaam mama. Hiyo darasa la saba iweke pembeni kwanza. Wewe ukiingia jiko la mtu unajua ndani ya dakika mbili kama humo wanapika kila siku au wanapika Idi mpaka Idi, unaona masizi, unaona kinu kimelika, mwiko umeungua ncha, sufuria limebonyea ubavu. Jiko likiwa jeupe sana unajiuliza hivi hawa wanakula wapi. Maabara ni jiko, basi, na kaka yako kasema kweli.

Kwa hiyo rudi pale, na usiende siku waliyotangaza wazazi karibuni. Nenda Jumanne au Jumatano saa nne asubuhi bila kuaga, maana Jumatatu watu bado wanaamka na Ijumaa wanawahi msikitini. Omba kuona maabara, ukiingia usiangalie mashine, kaangalie sinki. Kwenye maabara ya afya wanafunzi wanajifunza kupima malaria, damu inapakwa kwenye kioo halafu inapakwa rangi inaitwa Giemsa ili vimelea vionekane, na hiyo rangi ni ya zambarau inayoelekea bluu, mbishi kuliko madoa ya embe. Ikidondoka kwenye sinki haitoki, ikikushika vidoleni unatembea nayo mpaka harusini. Chuo chenye wanafunzi mia wanaofanya kazi kila wiki, sinki lake lina madoa, tena yamepandana. Ukikuta sinki jeupe kama sahani ya mgeni, mama, humo hawapiki.

Pili, waambie wakuonyeshe mafuta. Usicheke. Vimelea vya malaria ni vidogo mno, huvioni mpaka utumie lenzi kubwa kuliko zote kwenye maikroskopu, wenyewe wanaiita lenzi ya mia, na ile lenzi haifanyi kazi bila tone la mafuta maalum kati yake na kioo. Ni kichupa kidogo tu. Uliza kwa upole kabisa, "samahani mwanangu, mafuta ya lenzi ya mia mnaweka wapi?" Akitoa mfukoni mwa koti au kwenye droo iliyojaa vumbi la chaki na chupa iko nusu, shukuru Mungu. Akianza kumtafuta mwenye funguo za kabati, na mwenye funguo yuko Dar, ujue lenzi ya mia pale ni pambo. Na zile maikroskopu mpya, angalia kama plastiki la kiwandani bado liko kwenye macho. Nimeziona kwa macho yangu zina miaka mitatu chuoni na plastiki juu, ati zisichafuke!

Halafu hesabu. Maikroskopu ngapi, wanafunzi wa darasa moja wangapi. Darasa la wanafunzi 60 na mashine 6 sio dhambi, vyuo vingi ndivyo vilivyo, ila hapo lazima kuwe na zamu, na zamu inaandikwa, inabandikwa ukutani, na karatasi lenyewe linakuwa limechoka pembeni kwa kushikwashikwa. Hakuna karatasi la zamu, basi wanaotumia mashine ni wale sita wenye viwiko vikali na binti yako atakuwa anachungulia juu ya mabega ya watu mpaka anamaliza diploma.

Na nikwambie kwa nini nazijua hizi hila. Zamani chuo kimoja nilichofanyia kazi, sikitaji, wakaguzi walikuwa wanakuja Jumatano. Jumanne usiku tukapakia maikroskopu 12 za kuazima kwenye pikapu, tumezifunga na mashuka zisigongane, daftari la kuazima nimesaini mimi mwenyewe. Wakaguzi wakaja wakahesabu wakaandika wakanywa soda. Ijumaa zikarudi kwa wenyewe. Jumatatu mwanafunzi mmoja akaniuliza, mwalimu zile mashine ziko wapi, nikamwambia ziko matengenezo. Alinitazama tu. Mpaka leo nikikutana naye, ni mtu mzima ana watoto, najifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Sasa karatasi za serikali, ambazo pia usiziache. Vyuo vya namna hii viko chini ya NACTVET, yaani baraza la taifa la elimu ya ufundi, ile ambayo wengi bado tunaiita NACTE kwa jina la 1997. Uwaulize vitu viwili tofauti. Chuo kina namba ya usajili? Namba za vyuo vya afya zinaanza na REG/HAS. Na je, hiyo kozi ya maabara yenyewe imeruhusiwa? Maana kuna ujanja wa chuo kusajiliwa kwa uuguzi halafu kinaanzisha na maabara kimyakimya huku kinasubiri kibali, na mtoto anakuja kugundua mwaka wa pili. Kitabu cha mwongozo wa udahili kiko kwenye saiti ya NACTVET bure, kijana yeyote wa mtaani mwenye simu atakufungulia, mpe maandazi mawili. Na baada ya kuripoti, hakikisha jina la binti limehakikiwa NACTVET, sio limeandikwa tu kwenye daftari la mhasibu. Akimaliza ngazi ya 6, ndo diploma hiyo, bado atahitaji kusajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya ndipo aguse sampuli ya mgonjwa kihalali, kwa hiyo cheti cha chuo kisichotambulika ni karatasi la kufungia maandazi, samahani kwa mfano.

La mwisho, fild. Uliza wanafunzi wanakwenda hospitali gani, kwa wiki ngapi, na nani anawafuata huko kuwakagua. Wote watakujibu Bombo, Bombo. Sawa, Bombo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, ni kubwa, ila kila chuo cha afya hapa mjini kinaitegemea, na benchi la maabara halirefuki kwa sababu vyuo vimeongezeka. Sasa wewe tafuta mwanafunzi wa mwaka wa pili, mkute nje anakula muhogo, na usimuulize "chuo chenu kizuri?" kwa sababu hakuna mtu anayekisema vibaya kitu alichokilipia. Muulize, "jana mlifanya nini?" Tu. Akikueleza kwa dakika tano na mikono inacheza hewani, peleka mtoto. Akisema "jana... tulikuwa tunajisomea", muulize na juzi.

*

Shikamoo Mwalimu, mi niko Dunda Bagamoyo nimemaliza fomu siksi PCM (fizikia, kemia na hesabu), nataka digrii ya kompyuta au ualimu wa hesabu sijaamua. Hapa kijiweni tunabishana mpaka usiku kuhusu rankingi. Mmoja anasema chuo flani ni cha kwanza kwa mujibu wa Webometrics, mwingine anasema kwenye ya Shanghai hakipo kabisa, mwingine anakuja na QS anasema ndo ya ukweli. Ipi nifuate?
Mbishi wa Dunda

Marahaba mwanangu. Nenda pale soko la samaki Bagamoyo mashua zikiingia. Kuna anayenunua kwa kilo, kuna anayenunua kwa fungu, kuna mama anafunua matamvua anaangalia wekundu. Wote wako sahihi na wananunua vitu tofauti. Rankingi ndo hivyo hivyo, kabla ya kubishana nani wa kwanza uliza wamepima nini.

Hiyo ya Shanghai ilianza 2003, na wao wenyewe wanasema wazi, asilimia 30 ya maksi ni tuzo za Nobel na medali za Fields za hesabu, 10 kwa waliosoma pale na 20 kwa wanaofundisha pale. Asilimia 20 nyingine ni makala kwenye majarida mawili tu, Nature na Science. Sasa wewe unatafuta mtu wa kukufundisha hesabu uzielewe, mshindi wa Nobel wa fizikia wa chuo cha Marekani anakuhusu nini? Ndo maana vyuo vingi vya kwetu humo havionekani, na sio kwamba wamekaguliwa darasani wakaonekana wabovu, hakuna mtu aliyekuja darasani.

QS wao wanapenda sifa. Kura za wanataaluma ni asilimia 30, kura za waajiri 15, yaani karibu nusu ya maksi ni watu wanaulizwa "chuo gani unakisikia ni kizuri", na chuo cha zamani chenye jina kitasikika tu, hata kama paa la ukumbi linavuja. Uwiano wa walimu na wanafunzi, ambao ndo ungekugusa wewe, una asilimia 10. Webometrics inatoka Hispania tangu 2004, na sehemu kubwa ya maksi zake inategemea tovuti ya chuo inavyotajwa na tovuti zingine huko intaneti, pamoja na makala za watafiti wake zinazonukuliwa sana. Chuo kikiajiri vijana watatu wa tovuti wachapakazi kinaweza kupanda bila hata kuongeza kiti kimoja darasani. Sio kwamba ni uongo. Ni kipimo cha kitu kingine.

Wewe fanya hivi. Chukua kitabu cha mwongozo cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, cha waliomaliza fomu siksi, kuna kingine cha wenye diploma usichanganye. Humo utaona vigezo vya kila kozi na nafasi zilizopo. Tuseme kozi ya kompyuta ina nafasi 200. Ingia saiti ya hicho chuo, idara ya kompyuta, hesabu walimu na vyeo vyao. Ngazi ziko hivi: mkufunzi msaidizi, huyo ana digrii moja tu kama utakayoipata wewe, anasaidia semina. Halafu mhadhiri msaidizi ana masta, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Ukikuta idara nzima ni wasaidizi kumi na mhadhiri mmoja, na huyo mmoja ndo mkuu wa idara na pia mshauri wa wanafunzi na pia anasoma PhD nje, basi madesa, zile noti za kunakili, yatakuwa mengi kuliko vipindi.

Ila usiamini saiti peke yake. Kuna chuo kimoja mwenzangu alishatangulia mbele ya haki mwaka wa nne sasa, picha yake bado inatabasamu kwenye ukurasa wa idara na masomo matatu yako chini ya jina lake. Tafuta ratiba ya muhula huu, ile halisi iliyobandikwa mlangoni au inayozunguka kwenye magrupu ya wanafunzi, uone nani anaingia mwaka wa kwanza. Vyuo vingi vinaficha mwaka wa kwanza kwa wasaidizi na kuwaweka maprofesa mwaka wa tatu, wakati hesabu za mwaka wa kwanza ndo zinadiskoisha watu, yaani zinawafukuzisha chuo.

Na ukishampata rafiki anayesoma pale, mwombe desa. Desa linasema kila kitu. Nimewahi kushika desa la somo la takwimu lina mfano wa bei ya sukari, kilo shilingi mia sita! Mwalimu hajagusa noti zake tangu sukari iwe mia sita, na kosa la chapa ukurasa wa pili linapita kwa vizazi kama jina la ukoo.

Kuomba siku hizi ni moja kwa moja chuoni, ule mfumo wa TCU wa pamoja uliisha 2017. Vikikuchagua zaidi ya kimoja unathibitisha kimoja kwa namba unayotumiwa. Kijiweni muendelee kubishana, ila badala ya cha ngapi bishaneni nani anafundisha.

*

Habari Mwalimu. Niko Korogwe, nimepata vyuo vikuu viwili kozi ya sayansi. Mjomba anasema chagua kile chenye utafiti mwingi. Mimi nataka digrii ya kwanza niajiriwe basi, utafiti wa lekchara mimi unanisaidia nini? Si anapata hela yeye?
Kijana wa Korogwe

Nimecheka, kwa sababu unauliza ukiwa umekaa Korogwe. Chanjo ya malaria ya RTS,S, ile ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021 ikawa ya kwanza, ilijaribiwa kwa hatua ya mwisho kati ya 2009 na 2014 kwa watoto 15,459 kwenye vituo 11 vya nchi saba za Afrika, na vituo viwili vya Tanzania vilikuwa Bagamoyo na hapo hapo kwenu Korogwe. Kuna watoto wa jirani zako ni vijana sasa walichomwa ile sindano. Bagamoyo wakaendelea hata na chanjo ya pili, R21, nayo ikapendekezwa Oktoba 2023. Na milimani huko Amani Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo 1902, baadaye pakawa pa malaria na leo kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, bado kina jina hilo la Amani. Yaani mkoa huu utafiti ni kama machungwa ya Muheza, tunayakanyaga tu.

Haya, unakusaidia nini. Mwalimu aliyewahi kukaa na karatasi za watoto mia tano, akamkuta mmoja tarehe ya kuzaliwa iko baada ya tarehe ya chanjo, akatoka na pikipiki kwenda kuhakikisha kwa mama yake, huyo akikufundisha ukusanyaji wa takwimu atakufundisha na yale ambayo vitabu havina. Atakwambia usiende kuhoji wakati wa kuvuna mahindi. Aliyesoma utafiti kwenye slaidi za mwenzake atakupa fasili saba za utafiti na utazikariri zote saba.

Ila mjomba naye asikuzidie. Utafiti wa chuo unakufikia wewe pale tu mtafiti anapoingia darasani. Kuna maprofesa wazito kweli, miradi mikubwa, magari yenye nembo mlangoni, wanafunzi wa digrii ya kwanza wanawaona kwenye mahafali. Kwa hiyo ukienda kukagua uliza, wanafunzi wa mwaka wa mwisho projekti zao wanasimamiwa na nani na kila msimamizi ana wangapi. Akiwa nao watano atasoma kazi yako. Akiwa nao arobaini atasoma jalada.

Halafu nenda maktaba, omba rafu ya tafiti za wanafunzi waliomaliza, kaa nayo nusu saa. Mimi hapo ndo napima chuo chote. Unatoa ya kwanza, sababu za mdondoko wa wanafunzi wilaya ya Muheza. Ya pili, sababu za mdondoko wa wanafunzi wilaya ya Pangani. Ya tatu Handeni. Ya nne Muheza tena, mwaka mwingine, dodoso lile lile, na mapendekezo ni yale yale kwamba serikali iongeze bajeti. Moja niliikuta ya Handeni, ukurasa wa 41 umesahaulika umeandikwa Pangani! Hizo zimeandikwa steshenari kwa kulipia, nyote mnajua bei yake na mnajua mlango wa kuingilia. Chuo kinachokubali hivyo kina wasimamizi waliochoka au hawapo kabisa. Ukikuta kazi ndogo ya ajabuajabu, mtu kahesabu baiskeli zisizo na taa Barabara ya Ishirini wiki mbili mfululizo, na pembeni kuna mwandiko wa msimamizi kwa kalamu nyekundu "umejuaje? nionyeshe", aisee kimbilia hicho chuo.

Wingi wa makala usikutishe pia, kuna majarida ya lipa nikuchapishe, unatuma Jumatatu inatoka Alhamisi, hakuna aliyesoma.

*

Mwalimu kwema? Nipo Pangani, napenda ngoma na ufundi wa sauti na taa za jukwaani, nataka kwenda TaSUBa, ile Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ila baba anasema chuo cha ngoma kinapimwaje, kila mtu anajua kucheza. Nimjibu nini?
Mpenda jukwaa

Mwambie baba shikamoo, halafu mwambie ni rahisi kukipima kuliko vingine vyote, maana kazi yao hawawezi kuificha. Chuo cha Sanaa kimeanza 1981, kikawa taasisi ya TaSUBa 2007, na ukumbi wao wa maonyesho uliungua 2002 ukajengwa upya. Kila mwaka wana tamasha lao, watu wanatoka nchi mbalimbali. Mpeleke baba tamasha, ila msiangalie vikundi vikubwa vya wageni, kaangalieni kazi za wanafunzi wenyewe. Na wewe wa sauti na taa usitazame jukwaani kabisa, geuka nyuma utazame meza ya mitambo. Nani kashika vitufe, mwanafunzi au fundi wa kukodi? Maiki ikipiga kelele, nani anakimbia, na anajua aguse wapi?

Siku ya kawaida nenda chumba cha ala. Ngoma iliyotumika ina ngozi imekazwa tena na tena, unaona vigingi vipya na vya zamani vimechanganyika, na marimba mbao za katikati zimefifia rangi kuliko za pembeni. Kila ninapokwenda narudi kwenye sinki langu, mtanisamehe.

*

Mwalimu mwezi uliopita ulituambia tukague chuo kwa kufungua vitabu vya maktaba nyuma tuone stampu ya mwisho ya kuazima ni ya lini. Mi nasoma mwaka wa pili, sijaazima kitabu hata kimoja tangu nifike na napata B. Vitabu viko kwenye simu siku hizi. Umepitwa na wakati kidogo, bila kukukosea heshima.
Wa Pongwe

Heshima imefika, na umenishika. Stampu ya 2011 zamani ilikuwa ushahidi wa kutosha, leo sio. Lakini na wewe usinikimbize, hivyo vitabu vya kwenye simu umevipataje? Kama ni pidiefu ya kuibia iliyokosa sura ya tano, hapo chuo hakijakupa kitu. Kuna mpango wa Research4Life unaoziwezesha taasisi za nchi kama yetu kusoma majarida ya kisayansi bure au kwa bei ndogo sana, sehemu yake ya afya HINARI ipo tangu 2002. Kipimo kipya basi nimekitunga kwa ajili yako: mwendee mkutubi, mwombe akufungulie makala moja ya mwaka huu kwenye somo lako, pale pale mezani. Akiingiza pasiwedi ikafunguka, maktaba ipo. Akisema pasiwedi anayo mtu wa aiti na mtu wa aiti yupo likizo, tunarudi kwenye stampu. Nijibu ukishajaribu, tena uniambie na hiyo B ni ya somo gani.

*

Mwalimu hosteli ya chuo kwenye brosha ina minazi na bahari, ila nimeambiwa iko Duga. Niamini?
Fupi tu

Duga kuna minazi, bahari itategemea utasimama juu ya nini. Picha zisikuumize kichwa, nenda saa mbili usiku, fungua bomba la ghorofa ya juu, uliza jenereta au sola wanawasha nini umeme ukikatika, hesabu vitanda na hesabu soketi. Na umuulize mlinzi geti linafungwa saa ngapi, halafu muulize na mwanafunzi swali hilo hilo.